Kabla hujaipiga Office upya, jua kwanza barua zako zinakaa wapi

Outlook, programu ya barua pepe ya Office, ikianza kujifunga yenyewe kila ukifungua kiambatisho, ushauri utakaoupata hapa Tanga, uwe Ngamiani au Chumbageni, ni uleule: "Toa Office, weka nyingine." Ushauri wenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba anayeutoa mara nyingi hakuulizi barua zimehifadhiwa wapi, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama kesho utaendelea na kazi au utashinda kwenye simu ukiwaomba wateja wakutumie upya nyaraka za mizigo yao.

Mwongozo huu ni wa ofisi ndogo: mawakala wa forodha walio jirani na bandari, makarani wa mashamba ya mkonge huko Muheza na Korogwe, shule za binafsi, nyumba za wageni za Raskazone. Ofisi ambayo haina mtu wa kompyuta wa kudumu, ila ina mashine moja ya mezani iliyobeba mawasiliano ya miaka. Maelezo mengi ni ya Outlook ile ya siku zote kwenye Windows, kuanzia ya 2010 hadi hizi za Microsoft 365. Outlook mpya na Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, nitazigusa kwa ufupi.

Akaunti yako ni ya aina gani?

Fungua Outlook, nenda "File", kisha "Account Settings", halafu "Account Settings" tena. Kwenye ukurasa wa "Email" kuna safu inayoitwa "Type". Hapo utaona POP, IMAP au Exchange. Ukurasa wa pili, "Data Files", unakuonyesha faili lenyewe na njia ya kulifikia. Piga picha kurasa zote mbili kwa simu. Kama Outlook haifunguki kabisa, nenda "Control Panel", chagua alama ndogondogo ili zionekane zote, kisha bofya "Mail". Habari ni zilezile.

Akaunti ya POP inashusha barua kutoka kwenye sava, yaani kompyuta ya mbali inayokupokelea barua, na kuziweka kwenye faili lenye mkia wa .pst, ndani ya kompyuta yako. Kwa kawaida Outlook za kuanzia 2010 huacha nakala kwenye sava kwa siku 14, kisha huifuta. Barua ya mwaka jana, basi, ipo sehemu moja tu duniani: kwenye hiyo mashine iliyo juu ya meza. Ofisi nyingi zenye imeili za jina la kampuni, zilizotengenezwa zamani pamoja na tovuti, ziko kwenye POP bila wenyewe kujua.

Ndipo linapokuja lile swali la mama mhasibu: "Mbona kwenye simu yangu zinaonekana zote, mwanangu?" Usibishane naye. Mwambie tu, "Hebu shuka chini mama, nitafutie barua ya mwezi juzi." Atashuka kwa kidole, atashuka tena, na orodha itaishia wiki mbili nyuma. Simu inasoma kilichobaki kwenye sava. Kipimo hiki hakihitaji utaalamu wowote, na kinamshawishi bosi haraka kuliko maelezo ya nusu saa.

IMAP na Exchange (mfumo wa barua wa Microsoft), pamoja na Microsoft 365, zenyewe barua hukaa kwenye sava, na kompyuta hubaki na kivuli chake katika faili lenye mkia wa .ost (kwa IMAP, kuanzia Outlook 2013). Ukiondoa kila kitu na kuanza upya, barua zitashuka tena, ingawa bando litaumia. Ila IMAP ina mtego wake. Majina ya wateja na kalenda kwenye akaunti ya IMAP havipandi kwenye sava. Outlook huviweka kwenye folda zenye maneno "This computer only", yaani vipo kwenye kompyuta hii peke yake. Faili la .ost likipotea, navyo vimekwenda. Na .ost haifunguki kwenye kompyuta nyingine wala kwenye profaili nyingine (profaili ni mpangilio wa akaunti na mafaili yake ndani ya Outlook), kwa hiyo kulinakili faili lenyewe hakukusaidii. Vitu hivyo lazima vitolewe kwa njia ya kuhamisha, nitakayoieleza hapa chini.

Nakala kwanza, uchunguzi baadaye

Mafundi wengi huanza na kurekebisha, wakishindwa ndipo wanakumbuka nakala. Mimi napendelea kinyume chake, kwa sababu hata zana za kurekebisha zinaandika ndani ya faili la barua, na faili lililokwisha kuumia likiguswaguswa linaweza kuharibika zaidi. Na ukisikia diski inatoa mlio wa kugonga, au mafaili ya kawaida yanachukua dakika nzima kufunguka, acha habari za Office kabisa. Nakili vilivyomo sasa hivi, na usiendeshe ukaguzi mrefu wa diski kabla hujamaliza kunakili. Inawezekana Office haina kosa lolote, diski ndiyo inayokufa.

Habari ya umeme: kama mashine ya mezani haina yuupiesi (betri inayoshikilia umeme ukikatika), azima. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, asili haitadhurika sana lakini nakala itakuwa nusu, na nusu hiyo itakuwa na jina kamili la faili zima. Umeme ukikatika Outlook ikiwa wazi, hapo ndipo mafaili ya .pst yanapoumia, na huenda ndiyo chanzo cha hilo tatizo ulilonalo.

Kwa .pst, kazi inakwenda hivi.

Funga Outlook. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue "Task Manager", uhakikishe hakuna OUTLOOK.EXE iliyobaki ikiendelea kimyakimya. Outlook inayogoma ina tabia ya kutoweka usoni huku mwili umebaki. Ukiikuta, iue hapo. Bila hivyo Windows itakuambia faili linatumika na itakataa kulinakili.

Nenda kwenye njia uliyoipiga picha. Kwa Outlook za kuanzia 2010, faili jipya la .pst huwekwa kwenye "Documents", ndani ya folda ya "Outlook Files". Kompyuta zilizopandishwa kutoka matoleo ya zamani huwa nalo kwenye AppData, folda iliyofichwa. Usihangaike kuifichua: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %localappdata%\Microsoft\Outlook, gonga Enter. Mara nyingi utakuta zaidi ya faili moja. Kuna archive.pst, kuna backup.pst ya fundi aliyepita, kuna lile la mtumishi aliyeacha kazi. Chukua zote. Kuchagua ipi ni muhimu ni kazi ya siku nyingine.

Sasa flashi. Hapa ndipo watu wengi wanakwama na kudhani flashi ni mbovu. Flashi nyingi za gigabaiti 32 kushuka chini zinatoka dukani zikiwa na mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja linalofikia gigabaiti 4, hata kama nafasi ipo tele. Windows itakuambia faili ni kubwa mno kwa mfumo wa mahali unapolipeleka. Sanduku la barua la ofisi inayopokea hati za mizigo zilizoskaniwa linavuka gigabaiti 4 bila shida. Kama flashi ni tupu, ifomati kwa exFAT. Kama ina vitu vya watu, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike convert E: /fs:ntfs, ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Amri hiyo inageuza mfumo bila kufuta vilivyomo. Eksteno, yaani diski ya nje, ni bora zaidi, na nakala ya pili iwekwe kwenye kompyuta nyingine ya ofisi. Nakala iliyoko kwenye diski ileile haihesabiki.

Jambo moja la kukataa: usikate na kubandika. Nakili na kubandika tu. Nimeona watu wakihamisha faili "ili kupunguza mzigo" na Outlook ikifunguka inalia haioni data.

Kuhamisha vitu vya "This computer only"

Hatua hii inataka Outlook ifunguke. Kama inajifunga, ijaribu katika hali salama: bonyeza Windows na R, andika outlook.exe /safe. Hapo inafunguka bila programu za nyongeza, na mara nyingi inatulia vya kutosha kwa kazi hii.

Nenda "File", "Open & Export", "Import/Export", chagua "Export to a file", kisha "Outlook Data File (.pst)". Chagua jina la akaunti juu kabisa na uweke alama ya kujumuisha folda zilizo chini yake. Mwisho itakuomba paswedi, unaweza kuiacha tupu. Ukiweka, iandike mahali, kwani hakuna wa kuikumbuka mwakani.

Wenye Exchange au Microsoft 365 waangalie kitu kimoja kabla ya kuhamisha. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna kitelezi kinachosema barua za muda gani zinakaa kwenye kompyuta, na mara nyingi kimewekwa mwaka mmoja. Ukihamisha hivyo hivyo utapata barua za mwaka mmoja ukidhani umepata zote. Kivute hadi "All", uiache Outlook ishushe zilizobaki, ndipo uhamishe. Kama intaneti ya ofisi ni ya bando la simu, fanya usiku au ruka hatua hii, kwa kuwa barua zenyewe zipo salama kwenye sava.

Vidogo vinavyoliliwa baadaye

Hakuna mtu aliyewahi kunipigia simu asubuhi kwa sababu ya mfumo wa faili. Wananipigia kwa sababu saini imepotea, ile yenye nembo na namba tatu za simu. Saini zipo %appdata%\Microsoft\Signatures, nakili folda nzima. Violezo, pamoja na kile cha Word kinachoitwa Normal.dotm chenye karatasi ya kichwa cha ofisi, vipo %appdata%\Microsoft\Templates.

Kanuni za kupanga barua, kama ipo inayopeleka barua za wakala wa meli kwenye folda yake, hutolewa kwenye "Manage Rules & Alerts", kitufe cha "Options", kisha "Export Rules". Zinatoka kama faili dogo la .rwz.

Halafu paswedi. Outlook inaikumbuka kwa niaba yako lakini haikuonyeshi, inaweka nyota tu. Kabla hujafuta chochote, ingia kwenye barua pepe kwa njia ya kivinjari, kwa jina na paswedi unayodhani ndiyo yenyewe. Ikikubali, iandike. Ikikataa, bahati yako umegundua mapema: mtafute aliyewatengenezea tovuti akubadilishie sasa, wakati kompyuta bado inafanya kazi. Andika pia majina ya sava ya kupokea na ya kutuma, na namba za milango: kwa kawaida 995 kwa POP na 993 kwa IMAP, na kutuma 465 au 587. Zote zinaonekana ukibofya "Change" kwenye akaunti, halafu "More Settings".

Mwisho wa orodha ni leseni. Office za tangu 2013 zilizonunuliwa dukani zimefungwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu, kwa hiyo lazima ujue ni ya nani. Kuna ofisi ambako ni ya kijana aliyekwisha kwenda Dar. Kama Office yenu ni ile ya mtaani, iliyoamshwa kwa programu ya kuvunja leseni, sitakuhubiria. Nitasema tu kwamba programu hizo zenyewe huwa chanzo cha kujifunga, na kuweka nyingine ya namna hiyo ni kulirudisha tatizo ndani.

Pima nakala yako

Bofya kulia kwenye asili, "Properties", usome ukubwa kwa baiti, siyo kwa gigabaiti. Fanya hivyo kwenye nakala. Namba ziwe zilezile mpaka tarakimu ya mwisho.

Kipimo cha kweli ni kuifungua. Kwenye kompyuta nyingine yenye Outlook, nenda "File", "Open & Export", "Open Outlook Data File". Lakini fungua nakala ya nakala, kwa sababu Outlook huandika ndani ya .pst mara tu inapoifungua, hata usiposoma barua. Tafuta barua ya zamani kabisa unayoikumbuka, na moja yenye kiambatisho kikubwa, na ukifungue hicho kiambatisho. Usiridhike kuona majina ya folda.

Sasa tafuta mgonjwa

Sasa jaribu tiba ndogo, maana nyingi zinamaliza shida bila kugusa Office.

Kama kwenye hali salama Outlook haikujifunga, mkosaji ni programu ya nyongeza. Nenda "File", "Options", "Add-ins", chini kabisa bofya "Go" mbele ya "COM Add-ins", uzizime zote, kisha uwashe moja moja. Za antivairasi na za kutengeneza PDF ndizo za kushukiwa kwanza.

Ukitaka ushahidi, fungua "Event Viewer", "Windows Logs", "Application", utafute kosa lenye namba 1000 la saa ileile Outlook ilipojifunga. Soma mstari wa "Faulting module name". Jina la faili lililopo hapo mara nyingi linamtaja mwenye makosa waziwazi.

Kama inajifunga ukifungua folda fulani tu, faili la barua ndilo limeumia. Ipo zana ya kulitibu, SCANPST.EXE, inayokaa pamoja na Office. Kwa matoleo ya karibuni itafute C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16, au kwenye Program Files (x86). Iendeshe zaidi ya mara moja, mpaka iseme haioni kosa. Angalia na ukubwa wa faili: Outlook 2003 na 2007 zina kikomo cha gigabaiti 20, na kuanzia 2010 ni 50. Faili linalokaribia kikomo linahitaji kupunguzwa, na Office mpya haitalisaidia.

Yote yakishindikana, tengeneza profaili mpya kupitia "Mail" ya Control Panel. Ikigoma na hapo, nenda kwenye orodha ya programu, chagua Office, "Change", uanze na "Quick Repair". Hiyo haihitaji intaneti. "Online Repair" ni karibu sawa na kuiweka Office upya, na inashusha gigabaiti kadhaa, kwa hiyo hesabu bando kwanza.

Kuondoa na kurudisha

Kuiondoa Office kwenye orodha ya programu kwa kawaida hakugusi mafaili ya .pst. Kinachofuta ni kufomati, na mafundi wengi wakiambiwa "piga Office" hupiga na Windows humohumo. Mwambie fundi kwa maneno yaliyo wazi ni kipi unataka, na usimkabidhi mashine kabla nakala haijawa mkononi mwako. Ondoa, washa upya kompyuta, weka, washa upya tena. Kama ulikuwa na Office 2016 au 2019, kumbuka Microsoft iliacha kuzihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ni busara kupanda toleo badala ya kuirudisha ileile.

Kwa POP, usiache Outlook ikutengenezee faili jipya tupu. Rudisha kwanza .pst kwenye "Outlook Files". Kisha ongeza akaunti kupitia "Mail" ya Control Panel kwa njia ya kujaza mwenyewe, na kwenye sehemu ya "Deliver new messages to" chagua "Existing Outlook Data File", ulielekeze kwenye faili lako. Usitumie faili likiwa bado kwenye flashi wala kwenye folda inayopanda OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni. Barua za wiki mbili zilizobaki kwenye sava zinaweza kushuka mara ya pili na kujirudia. Hilo ni usumbufu tu, zifute.

Kwa IMAP na Exchange, ongeza akaunti, subiri barua zishuke, ndipo uingize majina na kalenda kutoka kwenye .pst uliyohamisha. Saini na violezo virudishe kwenye folda zake Outlook na Word zikiwa zimefungwa.

Wenye Outlook mpya, ile yenye sura ya kivinjari, kazi yao ni ndogo: kwa kawaida barua zipo kwenye sava, hakikisheni paswedi tu. Wa Thunderbird waifunge, wanakili folda nzima ya %appdata%\Thunderbird, na baadaye wairudishe mahali pake. Barua, majina, kanuni na paswedi vyote vimo humo, jambo ambalo kwa kweli linanifanya niipende, na ndilo pia linalofanya flashi hiyo isiachwe mezani.

Eksteno yenye nakala iwekwe kabatini mpaka hesabu za mwezi zifungwe na kila mtu ofisini awe ametafuta barua yake ya zamani na kuipata. Mafaili ya .ost yaliyobaki kutoka kwenye profaili ya zamani ukishahakikisha majina yameingia, yafute, yanakula nafasi ya bure.